Kusitiri si Kuficha Madhara: Taka za Korongoni na Amana ya Kutoa Taarifa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah Subhanahu wa Taala, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake.

Amma baad.

Leo nazungumzia taka. Najua wapo watakaosema, "Shehe, umeishiwa mada?" Soma mpaka mwisho, kisha useme mwenyewe kama hii si mada ya dini. Na nitaanza kwa kukiri kosa langu, kwa sababu si haki niwanyooshee wengine kidole na mimi nikajificha nyuma ya kilemba.

Nyuma ya msikiti wetu hapa Dar es Salaam kuna korongo. Wakati wa masika linapitisha maji, wakati wa kiangazi ni kavu. Halijawahi kuwa dampo rasmi, lakini polepole watu walilifanya jalala. Leo mmoja anatupa kiroba cha maganda ya ndizi, kesho mwingine godoro bovu, keshokutwa mtu wa mkokoteni anamwaga mzigo mzima usiku. Sote tunapita, tunaziba pua, tunaingia msikitini tunatia udhu na kuswali.

Mwaka fulani, baada ya swala ya Isha, niliona bajaji imesimama pale. Kijana akashusha viroba viwili, akavirusha korongoni, akaondoka. Nilimjua kijana na nilimjua aliyemtuma. Alikuwa ndugu yetu mwenye zahanati ndogo pale mtaani, mtu wa safu ya kwanza, mkarimu, ambaye mwaka ule alikuwa ameahidi kutusaidia mazulia ya msikiti. Niliiona bajaji ile mara tatu, kwa wiki tofauti. Mara zote tatu nilijiambia, "Huyu ni Mwislamu mwenzangu, wacha nimsitiri." Nikanyamaza.

Siku moja vijana wa madrasa walikuwa wakicheza mpira wa makaratasi uwanjani. Mpira ukatumbukia korongoni. Mtoto wa miaka tisa akateremka pekupeku kuufuata. Akapanda analia, sindano imemchoma kisiginoni. Sindano ya hospitali, ile iliyokwisha kutumika.

Mama yake anauza vitumbua. Aliacha jiko lake akambeba mtoto mpaka hospitali. Daktari akamweleza kwamba haijulikani sindano ile ilimchoma nani kabla, basi mtoto aanze dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi, azinywe kila siku kwa siku 28, kisha awe anarudi kupimwa. Siku 28, ndugu zangu. Mtoto anatapika, hataki kula, na mama hana usingizi. Alhamdulillah, vipimo vyote vilitoka salama. Lakini yule mama alinijia siku moja baada ya Alasiri, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Shehe, hivi katika mtaa mzima huu, hakuna mtu aliyekuwa anajua?"

Sikuwa na la kumjibu. Aliyekuwa anajua ni mimi.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: je, niliyoyafanya yalikuwa kusitiri, au yalikuwa woga niliouvika kanzu? Nilirudi kwenye vitabu vya wanazuoni, na haya ndiyo niliyoyapata. Nayaweka kwa utaratibu ili kila mmoja wetu ayapime.

1. UDHIA WA NJIANI NI JAMBO LA IMANI

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba imani ina matawi zaidi ya sitini au sabini, na tawi la chini kabisa ni kuondoa udhia njiani. Zingatia, hakuliweka katika usafi peke yake wala katika tabia njema peke yake. Ameliweka ndani ya imani. Na katika hadithi nyingine ametutahadharisha na mambo yanayomletea mtu laana, miongoni mwake kujisaidia katika njia wanayopita watu au kivuli wanachopumzikia.

Sasa fikiria. Ikiwa anayejisaidia njiani ametahadharishwa namna hiyo, na uchafu ule mvua moja inauondoa, itakuwaje kwa anayemwaga chupa zilizovunjika, sindano, betri na nepi mahali wanapocheza watoto? Kanuni ya sheria yetu inajulikana kwa kila mwanafunzi wa dini: hakuna kudhuru wala kulipizana madhara.

2. JE, KUTOA TAARIFA NI GHIBA?

Hili ndilo linalowafunga mdomo wengi. Tunasema, "Mimi si mmbea. Mimi sipeleki maneno serikalini."

Ndugu yangu, Hind binti Utba (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) akamshtaki mumewe Abu Sufyan kwamba ni bahili, hampi matumizi yanayomtosha yeye na watoto. Mtume hakumwambia, "Nyamaza, unasengenya." Alimsikiliza na akampa hukumu. Mtu mwingine alikwenda kumlalamikia jirani anayemuudhi. Mtume akamwambia asubiri. Akarudi tena na tena, hata akapewa njia ya kulitatua jambo lake mpaka jirani akaacha. Huyu naye hakuitwa mmbea. Alikuwa mtu mwenye haki, amekwenda kwa mwenye mamlaka.

Imam Nawawi, Allah amrehemu, katika Riyadhu Swalihin ametaja mambo sita ambayo kumtaja mtu kwa kosa lake hakuhesabiwi kuwa ghiba iliyoharamishwa. La kwanza ni kupeleka malalamiko ya dhuluma kwa mwenye uwezo wa kuiondoa. La pili ni kuomba msaada wa kubadilisha munkari. Mtu anayekwenda ofisi ya serikali ya mtaa kusema, "Mahali fulani panamwagwa taka zenye hatari, njooni mtazame," amekusanya yote mawili.

Umbea ni kulizungumza jambo lile lile kibarazani, kwenye kahawa, kwenye kundi la WhatsApp, kwa watu ambao hawana uwezo wa kuondoa hata kiroba kimoja. Na ajabu ya zama zetu ni hii: kibarazani tunasema kila siku, ofisini tunaona aibu kwenda. Tumehalalisha iliyo haramu na kuiharamisha iliyo halali.

3. JE, SI TUNAAMRISHWA KUMSITIRI MWISLAMU?

Ndiyo, na malipo yake ni makubwa. Anayemsitiri Mwislamu, Allah humsitiri duniani na akhera. Sitaki mtu yeyote aisome makala hii kisha akaidharau sitara.

Lakini wanazuoni wamefafanua. Kosa la mtu lililo baina yake na Mola wake, ambalo limepita na halimdhuru mwingine, hilo ndilo la kusitiriwa. Kosa linaloendelea na linalowadhuru watu, hilo halifunikwi. Imam Nawawi katika sherehe yake ya Sahihi Muslim ameeleza kwamba mtu anayejulikana kwa maudhi na uharibifu hasitiriwi, bali jambo lake hufikishwa kwa mwenye mamlaka, madhali hakuhofiwi madhara makubwa zaidi. Ukimsitiri, unampa nguvu ya kuendelea.

Na ndipo ninaporudi kwa nafsi yangu. Mimi nilidhani namsitiri mwenye zahanati. Yule mtoto je, nani alimsitiri? Nilifunika aibu ya mtu mzima mwenye uwezo, nikaacha wazi kisigino cha mtoto wa muuza vitumbua. Allah anatuamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 135, tusimamishe uadilifu na tuwe mashahidi kwa ajili Yake, hata kama ushahidi ni juu ya nafsi zetu, wazazi au jamaa, awe mtu tajiri au masikini. Mazulia ya msikiti hayamo katika udhuru uliotajwa.

Mnaikumbuka hadithi ya watu wa jahazi, aliyoipokea Nuuman bin Bashir (r.a.). Wengine walikaa juu, wengine chini. Wa chini, kila wakitaka maji, huwapitia wa juu. Wakasema tutoboe sehemu yetu tusiwaudhi wenzetu. Wakiachwa, wataangamia wote. Wakizuiliwa, wataokoka wote. Korongo letu ni tundu katika jahazi. Yanapokuja maji ya masika hayaulizi nani alitupa na nani hakutupa. Waliokuwa Dar es Salaam mwezi Disemba 2011 wanakumbuka mafuriko ya bonde la Msimbazi, na waliokuwepo Agosti 2015 wanakumbuka kipindupindu kilivyoanza. Mvua ni ya Allah. Lakini mtaro uliozibwa na viroba ni kazi ya mikono yetu, na katika Suratur Rum, aya ya 41, tumeshaambiwa kuhusu uharibifu wa bara na bahari unaotokana na yale waliyoyachuma watu kwa mikono yao.

4. "SERIKALI YENYEWE HAIFANYI KITU"

Hii nayo nimeisikia sana, na wakati mwingine ni kweli. Mimi mwenyewe nilipokwenda mara ya kwanza nilijibiwa, "Tumepokea," kisha kimya. Na kuna mitaa ambayo gari la taka halionekani wiki nzima, halafu mwananchi anafokewa kwa kutupa. Haki isemwe pande zote mbili: mwenye kukusanya ada ya taka ana amana ya kuzizoa.

Lakini someni Suratul Aaraf, aya ya 164, katika kisa cha watu wa Jumamosi. Waliokuwa wakikataza munkari waliulizwa, mnawapa mawaidha ya nini watu ambao Allah atawaangamiza? Wakajibu kwa maana ya kwamba wanataka wawe na udhuru mbele ya Mola wao, na huenda wale wakamcha Allah. Udhuru mbele ya Allah! Siku ya Kiyama hutaulizwa kwa nini afisa hakuja. Hilo ataulizwa yeye. Wewe utaulizwa, ulisema?

Na si kweli kwamba kusema hakuna faida. Miaka ya nyuma jiji letu lilikuwa likimwaga taka Tabata, katikati ya makazi ya watu. Wakazi walilalamika, kisha mwaka 1988 wakaenda Mahakama Kuu, na mahakama ikaamuru Halmashauri ya Jiji iache. Halmashauri ikawa inaomba kuongezewa muda, mpaka mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa kuongeza tena, akasema wazi kwamba kuwawekea watu uchafu unaohatarisha maisha yao kunagusa haki yao ya kuishi. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Huko nako wakazi 750 wakaenda mahakamani mwaka huo huo wa 1991, nao wakashinda. Leo dampo la jiji liko Pugu Kinyamwezi. Watu wa Tabata na Kunduchi hawakuwa na jeshi wala utajiri. Walikataa kunyamaza, basi.

Na kisa hiki kina funzo la pili. Kumwondolea jirani taka na kuzipeleka kwa jirani mwingine hakujaondoa udhia. Ukitoa taarifa, usiseme tu "ziondoeni hapa". Uliza pia, zinakwenda wapi?

5. SHERIA YA NCHI NAYO INASEMA HIVYO HIVYO

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba kifungu cha 6 kinampa pia wajibu: kuyalinda mazingira, na kuiarifu mamlaka husika juu ya jambo lolote linaloweza kuyaathiri kwa kiasi kikubwa. Yaani kutoa taarifa ni wajibu wa kisheria, na dini yetu inatuamrisha tutekeleze wajibu tulioahidiana maadamu si maasi.

Na hili si geni kwetu. Miji ya Kiislamu ya zamani ilikuwa na muhtasibu, mtu aliyewekwa na mtawala kuangalia mizani sokoni, njia zisizibwe, na uchafu usiwadhuru wapita njia. Leo kazi zile zimegawanywa kwa afisa afya, afisa mazingira na mgambo. Jina limebadilika, lakini haja ipo vile vile.

6. ADABU ZA KUTOA TAARIFA

Usije ukatoka hapa na simu mkononi ukaanza kuwawinda watu. Hisba ina adabu zake.

Kwanza, anza na nafsi yako. Je, unajua taka zako zinaishia wapi? Yule kijana wa mkokoteni unayempa shilingi mia tano abebe kiroba, umewahi kumuuliza anakipeleka wapi? Ukimlipa mtu akutupie korongoni, wewe na yeye mnashirikiana. Mwenye zahanati nilipomwendea aliniambia, "Mimi nampa kijana hela ya kupeleka dampo." Hakuwa amewahi kuuliza. Huenda hata hakutaka kujua.

Pili, nasaha kabla ya mashtaka, pale inapowezekana. Ukimjua mtu na huna hofu naye, mwendee faraghani. Wengi wataacha. Lakini kama ni taka za hatari, usingoje. Nasaha iende, na taarifa iende siku hiyo hiyo.

Tatu, thibitisha. Suratul Hujurat inatuamrisha katika aya ya 6 tuhakikishe habari, na katika aya ya 12 inatukataza dhana, upelelezi na kusengenyana. Sema ulichokiona kwa macho yako: mahali, siku, saa, aina ya taka. Usiseme "nahisi ni fulani kwa sababu ana dharau". Picha ya taka na mahali inatosha. Huna ruhusa ya kuchungulia ua wa mtu.

Nne, peleka panapostahiki. Anza na mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, kisha mtendaji wa kata na afisa afya wa kata, kisha idara ya usafi na mazingira ya halmashauri. Taka za hospitali au kemikali, wafikishie pia wasimamizi wa mazingira wa ngazi ya taifa. Andika barua, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mimi nilijibiwa kwa vitendo mara ya tatu, nilipokwenda na nakala mbili zenye muhuri mkononi. Muhuri una baraka zake!

Tano, usimwanike mtu mtandaoni. Kuirusha video ya mtu TikTok ili watu wamtukane si kuondoa munkari, hiyo ni kuongeza mwingine. Unataka taka ziondoke, hutaki roho ya mtu ivunjike.

Sita, mwangalie mnyonge. Mara nyingi anayekamatwa ni msukuma mkokoteni, na aliyemtuma amekaa kwenye kiyoyozi. Ukitoa taarifa, itaje njia yote: nani anazalisha, nani anabeba, na kwa nini hakuna pa kupeleka. Kama mtaa hauna kizimba cha taka, hilo nalo ni la kuandikwa kwenye barua.

Na jambo la tahadhari kwa wazazi: mtoto akichomwa na sindano ya kuokota, msikamue kidonda wala msimfiche kwa aibu. Osheni kwa maji yanayotiririka na sabuni, mkimbie hospitali haraka. Dawa zile za kinga zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi.

ILIISHAJE?

Mtaniuliza. Afisa afya alikuja, akakuta viroba, akakuta na makaratasi ya zahanati ndani yake. Zahanati ikatozwa faini, ikaamriwa sindano ziwekwe kwenye maboksi yake maalumu na kupelekwa panapochomwa. Korongo likasafishwa na vijana wa msikiti pamoja na wa mtaa, Waislamu na Wakristo, na tukaweka uzio mfupi.

Mazulia hatukuyapata. Yule ndugu alikasirika, akaacha kuswali kwetu, na mpaka leo hajarudi. Nikimkuta njiani namtolea salamu, anaitikia kwa ufupi. Naumia, siwafichi. Namuombea kwa Allah, na namuomba Allah anisamehe kwa zile mara tatu nilizonyamaza, kwa sababu lau ningemwendea mara ya kwanza, kwa nasaha, faraghani, pengine kusingekuwa na faini, kusingekuwa na siku 28, na bado tungekuwa tunasimama bega kwa bega katika safu moja. Ukimya wangu haukumsitiri hata yeye.

Tunaswali juu ya mkeka wa zamani. Umetoboka kidogo upande wa mihrabu. Yule mtoto huwa anakaa pale pale, anasoma Juzuu Amma.

Basi ndugu yangu, dada yangu, kama kuna jalala unalolijua mtaani kwako, na kuna kiroba ulichokiona kikitupwa ukageuza uso, kesho asubuhi nenda ofisi ya mtaa. Tia nia ya kuondoa udhia njiani, kisha sema.

Ewe Allah, tujaalie tuwe wenye kuondoa udhia na usitujaalie kuwa wenye kuuleta. Watunze watoto wetu, waongoze viongozi wetu watimize amana zao, na utusamehe ukimya wetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako, huenda anaishi karibu na korongo.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.